Programu Iliyojua Jibu Moja

Huko Nakivale, makazi ya wakimbizi wengi wa Kongo nchini Uganda, mabidoni, yale madumu ya maji, huamka kabla ya watu. Jua halijachomoza vizuri, nayo tayari yamepanga foleni mbele ya bomba, manjano na matupu, kama wanafunzi wanaosubiri mwalimu mkali. Kila bidoni humshikia nafasi mwenyewe aliyerudi nyumbani kufagia au kupika uji. Bidoni la kina Nabintu lilifungwa kitambaa chekundu shingoni. La bibi jirani yao, Koko Nyirabizimana, lilizibwa kwa gunzi la hindi. Lingine lilichorwa macho na masharubu, na watoto walilisalimia kwa heshima kila walipopita.

Sheria ya foleni ilijulikana na wote. Bidoni la mtu haliguswi. Lakini ukiliondoa mwenyewe, nafasi yako imekwenda. Hata mchungaji wa kanisa akiondoa bidoni lake, akirudi anaanza mkiani.

Taabu ni kwamba mabomba yalikuwa mawili, moja juu kilimani karibu na kanisa, lingine chini karibu na shule. Siku nyingine maji yalitoka juu, siku nyingine chini, na siku nyingine hayakutoka popote. Ilibidi mtu achague foleni yake na kumwomba Mungu.

Nabintu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Ilikuwa likizo ya mwezi wa nane, mwaka 2014. Kila siku, akishapanga bidoni, alikimbilia kituo cha vijana ambako Mwalimu Molly, mwanamke wa mji wa Mbarara mwenye sauti ya kengele, alifundisha kompyuta. Kompyuta zilikuwa chache na wanafunzi walikuwa wengi. Ukipiga chafya tu, zamu yako imekwisha. Hata hivyo, Nabintu alikuwa ameshajifunza kuandika programu ndogo iliyomwuliza mtu jina lake na kumsalimia. Aliisalimu kompyuta hiyo mara nyingi kuliko alivyowasalimu shangazi zake.

Siku moja akatokea Bienfait. Huyu alikuwa kijana wa jirani aliyesoma sekondari huko Mbarara. Alirudi likizo akiwa amevaa tai, ingawa hapakuwa na harusi wala msiba. Alikuja na rafiki yake Faizo, mtoto wa askari wa kambi ya jeshi ya Mbarara, aliyebeba laptop ya kaka yake kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Nabintu, kuko maonyesho ya vijana kule Mbarara," Bienfait alisema hata kabla ya kukaa. "Batu banaleta programu. Bale watashinda, kila mumoja anapata kompyuta yake, na mafunzo likizo yote! Tuanze kampuni."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Basi kampuni ikazaliwa pale pale barazani, kabla sufuria ya maharage ya jirani haijachemka. Jina lake likawa Maji Fasta. Mtu angetuma neno MAJI kwa simu, na kompyuta ingemjibu ni bomba gani linatoa maji.

"Mimi niko direkta mukubwa," alisema Bienfait. "Faizo njo direkta wa mipango." Kwao "njo" maana yake "ndiye".

"Na mimi?" Nabintu aliuliza.

"Weye utafanya kazi."

"Kazi gani?"

"Ile yote inabakia."

Fulana zilitangulia programu. Faizo alikuwa na binamu anayechapa maandishi kwenye nguo, na siku chache baadaye wakurugenzi wote walikuwa wamevaa fulana za buluu zilizoandikwa MAJI FASTA. Ya Nabintu ilimfika magotini. Mama yake alimwuliza kama hiyo ni kazi au ni ubatizo.

Faizo akachomeka kwenye laptop modemu, kifaa cha kupokea ujumbe wa simu, naye Nabintu akaketi akaanza kuandika. Ujumbe kuingia, ujumbe kutoka, yote yalikwenda vizuri. Kisha akasimama ghafla.

"Yaya Bienfait," alisema, kwa jina la heshima la kaka mkubwa, "kompyuta itajua je fasi maji iko? Haiko na macho."

Bienfait alikaza tai yake. Hakuwa amelifikiria hilo.

"Tuende tuongee na walinzi ba bomba," Nabintu aliendelea. "Papa Bonaventure wa bomba la chini ananijua. Akifungua, atume ujumbe. Akifunga, atume tena."

"Na ule wa juu?"

"Ule anapenda kubembelezwa. Itaomba siku mingi."

"Hatuna siku mingi. Maonyesho ni juma lijalo. Andika jibu moja tu: Bomba la juu lina maji."

"Na kama haina?"

"Siku moja itakuwa nayo."

"Kale, basi, nyinyi musigombane," Faizo aliingilia kwa Kiswahili chake cha kambini. "Tutatengeneza nyuma. Kwanza watu waone hii kitu inafanya kazi."

Nabintu aliitazama kompyuta. Aliwaza zile kompyuta za kituoni na zamu zake fupi kama chafya. Aliwaza jinsi itakavyokuwa kuwa na yake mwenyewe. Akaandika jibu moja.

Ingekuwa siri ya ndani, labda isingemdhuru mtu. Lakini Jumapili, ibada ilipokwisha tu, direkta mkubwa alisimama mbele ya kanisa akatangaza namba ya simu ya Maji Fasta mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Watu walipiga makofi. Wengine waliiandika kwenye viganja vyao.

Siku iliyofuata jioni, Nabintu alipita kwa Koko Nyirabizimana. Koko aliishi na mjukuu wake mdogo, na goti lake moja lilikuwa bovu tangu zamani. Nabintu alimkuta amepiga magoti mbele ya beseni, akichuja maji ya kahawia kwa kitambaa.

"Koko, mbona leo maji ya ziwa?"

"Eh, mutoto wangu, ni hii miguu." Koko aliinuka polepole. "Bidoni langu lilikuwa karibu na mbele kule chini. Nikaomba batume MAJI kwa simu. Mashini yako ikajibu, maji iko juu. Nikatoa bidoni, nikapanda. Nikafika, hata tone! Nikarudi chini, bameshafungua na kufunga. Miye njo nilichelewa. Mashini ilisema vizuri, miguu njo ilikataa."

Nabintu alitaka kusema, "Koko, hukuchelewa." Maneno yalifika mdomoni yakagoma. Alikimbia nyumbani, akarudi na kuni, akayachemsha yale maji ya ziwa mpaka yakatokota sana, kwa sababu mjukuu wa Koko alikuwa ameshaweka kikombe chake tayari. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Bienfait.

"Tuzime ile namba. Koko ameenda juu bure na goti lake."

"Koko mumoja tu!"

"Ni Koko wetu. Na wengine je, bale hawakuniambia?"

"Faizo ameshafunga laptop kwa begi, hakuna mutu atajibiwa tena. Kesho tunaenda Mbarara. Nyamaza mpaka zawadi, Nabintu. Tukishinda, tutatengeneza yote."

Nabintu alirudi nyumbani. Usingizi wake siku hiyo haukuwa mtamu.

Waliondoka asubuhi kwa pikapu ya kituo. Mwalimu Molly alikaa mbele na dereva, vijana nyuma. Bienfait alifanya mazoezi ya hotuba njia nzima, akiihutubia migomba ya Isingiro, nayo haikumuuliza swali lolote. Ukumbi wa maonyesho ulikuwa Kamukuzi, kwenye mtaa wa ofisi za serikali, na ulijaa wanafunzi, walimu na wazazi.

Zamu ya Maji Fasta ilipofika, Bienfait alizungumza vizuri kuliko mchungaji. Alieleza foleni, jua, akina mama wenye watoto mgongoni. Watu walitikisa vichwa kwa huruma. Kisha jaji mkuu, mama mmoja mwenye miwani, alitoa simu yake mwenyewe, akatuma neno MAJI. Mara simu ikalia. Akasoma kwa sauti: "Bomba la juu lina maji."

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Faizo aliinua mikono kama mtu aliyefunga goli. Jaji alitabasamu, akasubiri makofi yaishe.

"Vizuri sana. Sasa nauliza kidogo tu. Hiyo maji iko huko saa hii?"

"Iko, madam!" alisema Bienfait.

"Nani amewaambia? Nyinyi wote si muko hapa na mimi?"

Bienfait alifungua mdomo. "Madam, mfumo wetu wa kisasa..." Alimgeukia Nabintu, na macho yake yalimwomba aseme jambo lolote la kitaalamu.

Nabintu alikuwa nalo. Angeweza kutaja modemu na maneno mengine magumu, na huenda jaji angeridhika. Zawadi zilikuwa pale pale mezani, kompyuta mpya ndani ya maboksi. Lakini alichokiona yeye ni Koko akiinuka kutoka kwenye beseni.

"Hakuna aliyetuambia," alisema. "Programu inajua jibu moja tu. Hata ukituma usiku, hata ukituma bomba limevunjika, itajibu hivyo hivyo. Niliandika mimi."

Kicheko kilipasuka ukumbini. Mwalimu Molly aliweka mkono mdomoni, "Banange!" Jaji hakucheka.

"Mungeweza kushinda," alimwambia Nabintu. "Kwa nini unasema sasa?"

"Kwa sababu Koko wetu anafikiri miguu yake njo ilikosea."

Jaji alivua miwani, akaifuta, akaandika kitu, akawashukuru.

Hawakushinda. Zawadi zilikwenda kwa vijana wa makazi jirani ya Oruchinga waliotengeneza programu ya kufundisha watoto herufi. Nje, karibu na pikapu, Nabintu alivua ile fulana kubwa aliyoivaa juu ya gauni lake, akaikunja vizuri, akampa Bienfait.

"Naacha kampuni, yaya."

"Huwezi kuacha! Weye njo ulikuwa unafanya kazi yote!"

"Sasa unajua sababu."

Faizo alicheka mpaka akashika tumbo. Bienfait hakucheka. Alikaa pembeni ya pikapu mpaka Nakivale, tai ikimpigapiga usoni kwa upepo.

Jambo gumu kwa Nabintu lilikuwa bado. Walipofika, alikwenda kwa Koko kabla ya kwenda nyumbani, akaongea haraka haraka asije akashindwa tena.

"Koko, ile mashini ilikudanganya. Haikujua kitu. Hukuchelewa hata kidogo."

Koko akalitazama goti lake.

"Kumbe! Na miye nimelipaka mafuta tangu jana, nikiligombeza bure." Alicheka, akajipangusa macho. "Itengeneze basi, Nabintu. Lakini usiitengeneze mbio."

Kesho yake Nabintu alimweleza Mwalimu Molly kila kitu, hata siku ile ya barazani. Mwalimu alimpa kompyuta kuukuu iliyokuwa kabatini, ile iliyonguruma kama pikipiki ikiwashwa. Safari hii Nabintu hakuanza na fulana. Alikwenda kukaa na Papa Bonaventure bombani, akamwangalia anavyofungua na kufunga, akamwomba atume ujumbe kila mara. Papa Bonaventure alisahau, akakumbushwa, akasahau tena, mwishowe akazoea. Faizo, akiwa Mbarara, alimtumia modemu kwa dereva wa kituo pamoja na salamu: "Dada, mimi pia nimeacha kazi ya udirekta."

Jambo la kwanza ambalo Nabintu aliifundisha programu mpya halikuwa kusema "yapo". Aliifundisha kusema "Sijui bado". Kama mlinzi hajatuma habari, jibu lilikuwa hilo.

Lakini mlinzi wa bomba la juu alikataa katakata. Alisema simu yake ni ya kuongea na ndugu zake, si ya kuongea na kompyuta. Nabintu alirudi kwake mara nyingi bila mafanikio. Ndipo siku moja, kabla shule hazijafunguliwa, akamwona Bienfait anakuja kituoni bila tai.

"Nimesikia ule mzee wa juu amekushinda," alisema, akiangalia chini. "Mimi sijui kuandika programu. Lakini kusema, hakuna mutu ananishinda."

"Sema ukweli tu, yaya."

"Nitajaribu. Ni mupya kwangu."

Alikwenda kilimani, akakaa na mzee yule tangu asubuhi, akamsaidia kusafisha mtaro wa bomba, akamsikiliza habari za ndugu zake wote. Alirudi na matope mpaka magotini na tabasamu mpaka masikioni. Mzee amekubali.

Siku ile ile Mwalimu Molly aliwaita wote wawili barazani.

"Yule jaji amepiga simu," alisema. "Ameniambia, bomba likianza kusema ukweli, nimrudishe huyu binti kwa maonyesho ya mwaka ujao. Sasa munisikilize tafadhali, bambi. Kuanza haraka si mbaya, vijana ndivyo walivyo. Mbaya ni kutangaza kitu ambacho hakipo, kwa sababu kuna mtu atakiamini, na huyo ndiye atapanda kilima bure. Ukiona umeingia kwa kazi ya uongo, toka, hata kama zawadi iko mezani. Na ukishatoka, usiishie hapo. Rudi utengeneze ulichoharibu. Nabintu amefanya yote mawili. Na wewe Bienfait umeanza."

"Niko direkta tena, Mwalimu?"

"Wewe ni mbeba bidoni. Nenda kamsaidie Koko."

Pale chini bombani, Koko Nyirabizimana alikuwa amesimama kwenye foleni na simu aliyoazima mkononi. Alimwonyesha Bienfait ujumbe uliokuwa umeingia: "Sijui bado. Usiondoke."

"Unaona?" Koko alisema kwa fahari, kana kwamba ni mjukuu wake aliyefaulu mtihani. "Sasa ina akili. Inajua kusema haijui."

Bidoni lenye gunzi la hindi halikusogea. Na simu ilipolia tena, Papa Bonaventure alikuwa ameshaingiza ufunguo, na maji yalikuwa yanakuja.