Picha ya Mzee Yakobo Ukutani kwa Sadalla

"Halo! Kitwana, picha iko wapi?"

Mwanamkuu alikuwa ameukaba mkonga wa simu dukani kwa Champaklal, Mtaa wa Msimbazi, wala hakujali wateja waliotega masikio. Ilikuwa mwaka 1956, harusi yake na Kitwana ilikuwa Ijumaa, na ukuta wa sebuleni kwa marehemu baba yake, Sadalla, ulikuwa mtupu.

"Picha gani?" Kitwana alijibu kutoka ofisini kwake bandarini.

"Usinifanye mtoto. Ile ya Mzee Yakobo, yenye simba wawili na kinara."

Kitwana akashusha sauti.

"Niliitoa ukutani, nikamuuzia Mzungu mmoja wa hotelini. Mama kasema ndoa haifungwi penye maandishi ya Kiyahudi, tena ukuta wa kibla! Watu watasema marehemu baba yako alikuwa akiiabudu."

"Njoo nyumbani. Sasa hivi."

Akaja mbio na baiskeli yake, jasho linamtiririka. Bwana harusi mzima, lakini mlangoni alisimama kama mwizi.

"Hivi unajua ile ni nini?" Mwanamkuu alianza. "Mayahudi huitundika ili mtu ajue Yerusalemu iko wapi, asali akielekea huko. Hakuna anayeiabudu. Kwao Ulaya hukaa ukuta wa mashariki. Hapa Dar, Yerusalemu iko kaskazini, na Maka iko kaskazini. Ukuta ni huo huo mmoja."

"Sasa baba yako aliipataje?"

"Duka lake na la Mzee Yakobo, yule Myahudi, lilikuwa moja. Baba akitia picha fremu, Yakobo akitengeneza saa. Macho ya Yakobo yalipoingia giza, alimwambia baba: 'Mimi siuoni tena ukuta. Wewe mwenye macho, kaa nayo.' Baba alilia siku ile, Kitwana. Sikuwahi kumwona akilia kabla."

"Sikujua."

"Na wewe ulipoleta posa, ukauliza kibla kiko wapi uswali, baba alikujibu nini?"

Kitwana akautazama ukuta mtupu.

"Alisema, elekea picha."

Jamani! Kumbe mwenyewe ameitumia, halafu kaiuza.

"Nakupenda, na nguo za harusi zimeshashonwa," alisema Mwanamkuu, machozi yakimlenga. "Lakini picha isiporudi, siolewi. Mama yako mwambie hivyo hivyo."

Jioni Kitwana alirudi kwa miguu, picha kwapani. Mzungu alikataa katakata mpaka alipoongezewa baiskeli.

"Haya, yamekwisha," alisema akihema.

"Hayajaisha. Kesho tunaenda Magomeni, ukamwambie Mzee Yakobo mwenyewe."

"Mwanamkuu! Mzee haoni, wala hajui. Ya nini kumuumiza?"

"Ndiyo maana ataambiwa."

Mzee Yakobo aliwasikiliza akiwa kibarazani, mikono magotini. Kitwana hakuficha kitu, hata neno la mama yake. Mzee aliinua uso kuelekea sauti yake.

"Sadalla angekuchapa," alisema.

"Najua, mzee."

"Mimi sina nguvu hizo. Mwanamkuu, bado unamtaka?"

"Namtaka. Ila asinifiche jambo tena."

"Basi Ijumaa nitakuja. Nitakaa upande wa bibi harusi, mahali pa Sadalla. Mama yako atakubali, kijana?"

Kitwana alipiga magoti, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili.

"Mama niachie mimi. Shikamoo, baba mkwe."

Mzee aliinama kumwelekea.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, na ule mkono hakuuachia.