Koki ya Mafuta Juu ya Merapi

Simu ililia mara moja, ikakatika. Ikalia tena.

Wuryani akainua.

"Sukari inashuka leo," sauti ikasema. "Adhuhuri. Shamba unalijua wewe peke yako."

"Usafiri?"

"Cureng. Rubani mpya, Luteni Baskoro, katoka Malang. Mtajie shamba mkishafika nusu ya njia. Si kabla."

"Na sukari isiposhuka?"

"Daktari anasema mguu wa mdogo wako hausubiri wiki ijayo. Pole, dada."

Simu ikakatwa.

Sukari ilikuwa penisilini, makasha kwa makasha, ndani ya ndege ya magendo kutoka Singapore. Ndiyo, magendo, na wala hatuoni haya. Mholanzi kafunga bahari na barabara zote, anataka Yogya, mji wetu hapa Java, ioze mpaka imwombe radhi, sasa dawa ipite wapi kama si kwa wizi? Shamba lilikuwa ufuko wa Ngrandu, kule kusini. Wanakijiji walishaulainisha mchanga. Ila moshi wa kuita ndege hawauwashi mpaka wamwone Wuryani kwa macho yao. Bila moshi, ndege inageuza inarudi ilikotoka. Na kitandani pembeni mwa dirisha, hospitalini, mdogo wake Handaka analala na risasi ya Mholanzi pajani, mguu umeanza kunuka.

Wuryani alichomeka bastola yake ya Nambu kiunoni, akabeba lemper za wali kwenye jani la mgomba, akatoka.

Uwanjani Cureng ilikuwa inamsubiri. Mabawa juu na chini, mbao, kitambaa na gundi. Wajapani walipoondoka waliiacha kama mtu anavyoacha ndala mbovu msikitini. Vijana wetu wakalipaka rangi nyeupe nusu ya chini ya lile duara jekundu la Japani, ikawa bendera yetu. Rangi imetupa kazi kidogo kuliko injini.

Fundi Pak Tarmuji alimfunga mkanda kiti cha mbele. Rubani hukaa nyuma, abiria mbele, ndivyo ndege za mafunzo zilivyo.

"Jeng Wuryani, usiguse kitu," akamwonya. "Hasa hiyo koki pembeni ya goti. Mkono wake nimeuunga kwa bati mpaka bati limeniishia."

"Na mwavuli wa kurukia?"

"Mwavuli? Labda wa mvua. Ninao mmoja, una matundu."

Luteni Baskoro akafika akicheka, kijana mweusi-mweusi, nadhifu, koti la ngozi. Alimwamkia kila mtu.

"Pak, usihofu. Mimi nimerusha Cureng, nimerusha Guntei, nimerusha Hayabusa."

"Hayabusa?" Pak Tarmuji akaguna. "Tunayo moja kule nyuma. Kuku wanatagia."

Wote wakacheka. Pangaboi likazungushwa, injini ikakohoa, ikakubali. Cureng ikakimbia kwenye majani, ikainuka.

Hewani mambo yalikuwa mazuri kwa muda mfupi tu.

Kwenda kusini, mlima Merapi hubaki mgongoni. Mtoto wa Yogya anajua hilo kabla hajajua kuvaa suruali. Lakini Wuryani aliuona Merapi ukisogea, ukisogea, mpaka ukakaa mkono wake wa kuume, unafuka moshi wake.

Akainua bomba la kusemea, akamwita kaka kwa Kijava. "Mas, kusini ni nyuma yetu."

"Napanda kwanza, Jeng. Doria zao zinapita chini asubuhi hii. Nitazunguka."

Jibu zuri. Akalimeza. Akakumbuka adabu, maana mtu anayekubeba hewani huwezi kula mbele yake bila kumkaribisha.

"Umeshakula, Mas? Nina lemper hapa."

Alimwuliza kwa Kijava cha heshima, kama inavyostahili ofisa. Naye akajibu kwa Kijava hicho hicho, laini, kitamu.

"Asante, Jeng. Nimeshadhahar."

Wuryani akaganda.

Kwetu kula kuna maneno yake. Mkubwa unamwambia *dhahar*. Wewe mwenyewe, hata uwe jenerali, unasema *nedha*. Mtu hajikwezi kwa mdomo wake. Kosa hilo halifanyi hata mlevi, hata mwendawazimu wa sokoni. Akasema moyoni, labda nimesikia vibaya, upepo huu.

"Unaonekana umechoka, Mas. Hukulala vizuri?"

"Nilisare kidogo tu, Jeng. Mbu."

*Sare* nayo ni usingizi wa wakubwa. Mara mbili! Kuna watu wa aina moja tu wanaosema hivyo: waliojifunza Kijava midomoni mwa watumishi. Mtoto wa bwana, ambaye tangu utotoni yaya anamwinamia, bwana mdogo ameshadhahar, bwana mdogo anataka kusare. Akakua akidhani hayo ndiyo maneno ya kujisemea.

Nyuma yake hakukaa Baskoro. Na mbele yao, ng'ambo ya vilima, ilikuwa Semarang ya Waholanzi.

Mkono wake ukashuka kiunoni. Ukafika kwenye Nambu, ukaishia hapo. Umpige risasi rubani, halafu?

"Mkono huo nimeuona. Ukinipiga, nani ataishusha ndege?" bomba likasema, sasa bila ule utamu. "Itupe nje. Taratibu. Nina bastola, Colt, imekutazama kisogo."

Akageuza shingo. Kweli, Colt.

Akaitupa Nambu. Ikapotea chini kwenye mashamba ya mpunga.

"Vizuri. Ukifika Semarang utatuambia huo ufuko uko wapi. Ndege zetu zitawapokea wageni wako juu kwa juu. Usilie, Jeng. Umefanya kazi yako."

"Nani analia?" akasema. Alikuwa karibu kulia, ila hilo halikumhusu yule.

Akatazama alipo. Kiboksi cha mbao kinambana mabega. Mkanda. Upepo. Hakuna mwavuli, hakuna bastola, kurusha ndege hajui. Kila dakika mguu wa Handaka unazidi kuoza na yeye anapelekwa kinyume, amefungwa kama kuku wa sikukuu. Hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka.

Macho yakaangukia koki pembeni ya goti.

Juu yake kulikuwa na kibati chenye herufi za Kijapani. Wale waliomtawala Mjava miaka ya vita waliwasimamisha watoto wa shule juani na kuwachapa vibao mpaka wazijue herufi hizo. Wuryani alivila vibao vyote. Akasoma: mafuta. Upande huu, wazi. Upande ule, funga.

Na huyu nyuma, vita vyote alikuwa wapi? Si hapa. Huyu hasomi.

Akafunga.

Injini ikaendelea kidogo, kana kwamba haijaambiwa. Kisha ikapwita. Ikapwita tena. Ikanyamaza, na ukabaki upepo tu unaolia kwenye nyaya za mabawa.

"Nini hiki?" Sasa hawakuhitaji bomba, sauti ilisikika wazi. "Nini hiki! Lidude gani hili!"

"Mafuta," Wuryani akasema. "Nimeyafunga."

"Fungua!"

"Tupa Colt."

"Nitakupiga!"

"Nipige. Halafu uje mbele uifungue mwenyewe. Mkono wako mrefu kiasi gani?"

Cureng ikaendelea kushuka, pua imeinama. Merapi ukaanza kuwa mrefu ubavuni mwao. Mibuni ikaonekana, paa la nyumba likaonekana, kisha mtu mmoja na nyati wake, wametazama juu.

"Wewe mwanamke una kichaa!"

"Hilo hata mama anasema. Tupa, mimi nione."

Akamsikia akitukana, Kiholanzi kitupu. Kisha kitu cheusi kikapita pembeni ya bawa, kinang'aa, kinazunguka.

Colt.

Wuryani akazungusha koki. Pangaboi lilikuwa bado linageuzwa na upepo, injini ikapiga chafya, ikanguruma, na ndege ikajivuta juu ya miti.

Na ule mkono wa koki ukakatika. Bati la Pak Tarmuji lilikuwa limefika mwisho wa subira yake.

Wuryani akautazama kiganjani. Sasa mafuta yako wazi, hayafungiki tena, na hana bastola. Yule nyuma akitaka kwenda Semarang anakwenda, wala hakuna wa kumzuia. Ila hajui.

Akafumba kiganja. Akarudisha mkono palepale pembeni ya goti, kana kwamba bado umeshika.

"Geuza," akasema kwenye bomba. "Kusini."

Akageuza. Merapi ukarudi mgongoni. Yogya ikapita chini yao, na Wuryani hakuitazama hospitali, alijikaza asiitazame. Jasho lilimtoka kwenye upepo wa baridi ule. Mkono wake ulianza kufa ganzi kwa kushika kitu kisichoshikilia chochote.

Bahari ilipoonekana, ndege ikalala upande. Ikaanza kugeuka tena.

"Unajua nini, Jeng?" bomba likasema. "Nadhani huwezi kurudia. Hapa chini ni mawe matupu. Funga basi, nione."

Wuryani akakibana kiganja juu ya ule mkono wa koki uliokatika.

"Nifunge?" akasema polepole. "Sawa. Lakini safari hii sifungui. Nina mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama yangu, mguu unaoza kwa risasi yenu. Nikifika kule atapona. Nikienda Semarang atakufa, nami mtaniua, kwa hiyo Semarang na mawe haya kwangu ni mamoja. Kwako wewe je? Sema haraka, mkono umenichoka."

Hilo la mkono lilikuwa kweli tupu.

Ndege ikabaki imelala upande. Wuryani akahesabu pumzi zake, akapoteza hesabu.

Bawa likanyooka, na Wuryani akamwelekeza ufukoni. Kusini.

Ufuko wa Ngrandu ulikuwa mweupe, umelainishwa kama shuka. Haki yake tumpe: alitua vizuri. Magurudumu yakagusa, yakadunda kidogo, yakatulia. Kabla pangaboi halijasimama, wanakijiji walishaizunguka Cureng na mianzi iliyochongwa.

"Mfungeni huyu rubani! Moshi, washeni!" Wuryani akapiga kelele.

Moshi ukapanda. Haukupanda sana kabla ile ndege ya magendo, Dakota, haijatokea kutoka baharini, chini kabisa, ikatua. Marubani wake hawakuzima hata injini. Makasha yakapita mkono kwa mkono hadi kwenye lori lililofichwa minazini. Kisha Dakota ikaondoka, na lori nalo likaondoka, dereva akikanyaga kama amefukuzwa.

Mfungwa alikaa mchangani, mikono imefungwa. Wuryani akachuchumaa mbele yake.

"Jina?"

"Ruud Verkamp. Mama yangu ni Mjava, ila nyumbani alisema nami Kiholanzi tu."

"Baskoro wa kweli?"

"Jela, Semarang. Mzima."

"Basi tutabadilishana. Umerusha nini hasa, Ruud?"

Akainua kidevu. "Kittyhawk. Mitchell. Vita vyote, kutoka Australia. Nimepigwa mizinga, nimerudi na injini moja. Hakuna ndege iliyowahi kuninasa, ila hili tambara lenu."

Wuryani akafungua kiganja, akamwangushia ule mkono wa koki mapajani.

"Ulikatika kule Merapi."

Alichukua muda kuelewa. Alipoelewa, rangi ikamtoka usoni.

"Ulinijuaje?" akauliza hatimaye. "Kijava changu hakina doa. Yaya wangu, Mbok Sarinem, alinilea nacho."

"Ulisema umedhahar."

"Ndivyo alivyosema yeye. Kila siku."

"Alikusemea wewe. Yeye mwenyewe alisema nini?"

Verkamp akautazama ule mkono wa koki mapajani. Miaka yote ile hakuwahi kumsikiliza yaya wake akijitaja, au pengine hakuwahi kumwuliza kama amekula.

"Hakunisahihisha hata siku moja," akasema, kwa sauti ndogo.

"Angekusahihishaje? Ulikuwa bwana wake."

Akatoa lemper kwenye jani, zimebondeka, akamwekea kwenye mikono iliyofungwa.

Jioni, kwenye simu ya kituo cha polisi cha kijijini, laini ilikuwa na mikwaruzo.

"Sukari?"

"Imefika. Wa dirishani kachomwa sindano ya kwanza."

"Hali yake?"

"Homa bado. Anawatukana wauguzi."

Wuryani akaegemea ukuta. Akafumba macho.

"Dada, upo? Anauliza kama umeshakula."

Kumbe tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni, na lemper zote kampa adui.

"Mwambie bado," akasema. "Mwambie nikirudi tutakula wote."

Akaweka simu, akamwomba polisi kiberiti, akawasha sigara, akatoka kwenda kutafuta wali.