Nyundo ya Reli na Nyumba ya Sitati

Unapita hapo kila siku, na kila siku unageuza uso. Unaiona nyumba ya mstaafu, gata la kukinga maji ya paa linaning'inia, ukuta umeota ukungu. Unasema moyoni, "Huyo mzee amejiachilia," kisha unaenda zako. Huyo mzee anaweza kuwa baba yako. Kesho atakuwa wewe. Leo hupiti. Keti usome.

Mzee Sitati anaishi Free Area, hapa Nakuru, na mkewe Nabalayo. Alikuwa fundi wa injini za treni. Baba yake pia alikuwa mtu wa reli. Alitoka kwao Kimilili, magharibi, akiwa kijana, na Sitati akazaliwa kwenye landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi karibu na stesheni.

Watu wamesahau landhi ilivyokuwa. Asubuhi king'ora cha karakana kililia, na mtaa wote ukaamka pamoja. Chai ilinukia mlango hadi mlango. Jioni watoto walicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kando ya reli, wa Kiluhya, wa Kijaluo, wa Kihindi, hadi mama zao wakachoka kuita.

Na bati likitoboka? Ulimwambia karani tu. Watu wa ngazi walikuja wakaziba. Kila mwaka, kabla ya mvua ndefu, walipaka milango yote rangi ileile ya kijani. Hukuuliza gharama. Reli ilijua yenyewe.

Siku ya kustaafu walimpa Sitati saa ya ukutani. Walikuwa wametumia mikono yake tangu ujana. Lakini hakuna hata mmoja aliyemwambia: kuanzia leo, watu wa ngazi hawaji tena. Hasira ya jambo hilo haijaniisha.

Sitati alinunua nyumba ndogo Free Area. Kando ya dirisha alipanda mjakaranda, kwa sababu stesheni ilikuwa na mijakaranda. Lakini pensheni ikiingia, pesa ya kwanza ilienda Kimilili. Huko alijenga nyumba kubwa, maana kwao mwanaume asiye na nyumba nyumbani husemwa kwenye kila matanga. Kila Desemba ilipakwa rangi kabla ya wageni kufika. Mwaka mpya ukiingia, ilifungwa kufuli.

Asubuhi moja ya Machi, Nabalayo alitoka chumbani na beseni limejaa maji.

"Baba Nyongesa, dari imeanguka." Alisema kama mtu anayesema chai iko tayari.

"Nitaitazama."

"Ulisema hivyo mvua ile ingine. Popo wa Kimilili wanalala kwa rangi mpya. Mimi nalala na beseni."

"Kimilili ni nyumbani."

"Na hapa ni wapi? Stesheni? Tunangoja treni?"

Sitati alicheka. Kisha akatoka nje, na kicheko kikaisha. Ukuta ulikuwa na ufa wa kuingiza kidole. Chini yake maji yalikuwa yamechimba shimo. Udongo wa Nakuru ni mwepesi, maji huubeba kama unga.

Mtoto wao wa kwanza, Nyongesa, alipiga simu. "Baba, uzeni tu. Kuna mtu anataka hiyo ploti, hata nyumba haitaki. Nyinyi mrudi ushago."

Nabalayo alisikia. Alikaa kitandani akatazama mjakaranda. "Kwaya yangu iko hapa," alisema. "Kliniki yangu iko hapa. Nimezalia hapa. Kimilili nitaongea na nani? Na popo?"

Sitati aliinuka. Alichukua kofia akaenda mjini, kwa duka la vifaa vya ujenzi la Rupinder. Rupinder ni Singasinga, mjane, mama yake Hardeep, jirani yao wa zamani wa landhi. Baba yake alikuwa seremala wa reli.

"Mama Hardeep, nataka mabati ya paa zima. Nitalipa polepole."

"Sikuuzii hata msumari kabla sijaona," Rupinder alisema.

Mchana alifika na mwavuli wake. Aliuinua, akachokora gata. Matope meusi ya majani yaliangukia viatu vya Sitati.

"Mabati ni mazima," alisema. "Gata limeziba. Maji yakikosa njia yanarudi kwa dari. Mengine yanamwagika hapa chini yanachimba msingi."

"Ni majani tu?"

"Ni majani ya mti wako, mzee. Ungeyatoa kwa mkono, bure. Sasa utalipia dari na ufa."

"Kwa landhi, watu wa ngazi walikuwa wanakuja."

"Baba yangu ndiye alikuwa mtu wa ngazi, Sitati. Majivu yake niliyamwaga mwenyewe. Hatakuja."

Rupinder alifunga mwavuli. Kisha akauliza, "Unamkumbuka Owuor wa genge la kukagua reli?"

Sitati alimkumbuka vizuri. Kila asubuhi Owuor alitembea juu ya reli, nyundo ya mpini mrefu begani, spana mkononi. Aligonga hapa, akasikiliza, akakaza nati pale. Watoto walimfuata hadi kwa signali.

"Alingoja treni ianguke?"

"Hapana. Alikaza nati ikianza kulegea."

"Sasa nyumba yako, nani anaitembea?"

Sitati alitazama viatu vyake.

"Sikia," Rupinder aliendelea. "Pensheni ikiingia, toa ya chakula, dawa na stima. Halafu, kabla ya kutuma hata shilingi mahali, weka kando pesa kidogo ya nyumba unayolala. Hiyo usiiguse kwa harambee. Mwezi ambao hakuna kimeharibika, iache ikae. Iko siku itahitajika."

"Na Kimilili?"

"Weka mpwa wako aishi humo. Afungue madirisha, aangalie paa. Nyumba bila mtu inaoza hata ikipakwa rangi."

"Watu watasema nini Desemba?"

"Watakula kuku," Nabalayo alisema kutoka mlangoni, "na watanyamaza."

Mwaka huo pesa ya rangi haikwenda Kimilili. Mpwa alipewa ufunguo. Hapa Free Area, fundi alijaza shimo, akaziba ufa kwa simiti, akarudisha dari. Sitati alisafisha gata mwenyewe, akalielekeza kwenye tangi. Mjakaranda hakuukata. Alipunguza tu matawi yaliyolala juu ya paa.

Sasa kila mwanzo wa mwezi anazunguka nyumba na nyundo. Anagonga plasta, anasikiliza. Ikilia tupu, anaishughulikia wiki hiyohiyo. Nabalayo humwita Owuor, na yeye huitika.

Mvua kubwa ya Aprili ilipokuja, walikaa ndani wakasikiliza maji yakiingia kwenye tangi. Nyongesa alipiga simu tena kuuliza habari ya ploti.

"Mwambie huyo mtu atafute kwingine," Nabalayo alisema. Alikuwa jikoni, anaoshea sukuma kwenye lile beseni.

Na wewe, bado umekaa? Weka kitabu chini. Mzazi wako mstaafu yuko wapi, na gata lake liko namna gani? Chukua ngazi. Chukua nyundo. Nenda ukatie mkono kwenye hayo majani leo, mawingu yakiwa bado mbali.