Siku Fundi Alipokuja Kufunga Bomba

Ngo! Ngo! Ngo!

Chuma kilikuwa kikigonga chuma nyuma ya ukuta. Msichana mmoja aliusikia mlio huo kabla ya kufika kwenye kona, dumu la maji likiwa kichwani. Bomba la bondeni, walikoishi yeye na mama yake, lilitoa maji Jumanne na Alhamisi tu. Siku nyingine alipanda ngazi themanini na mbili hadi bomba la juu kabla ya kwenda shule. Watu wa juu walifungua maji wakaoga. Watu wa bondeni waliyabeba. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jambo hilo lilimkera kama kokoto kiatuni.

Mtaani aliitwa Redio, kwa sababu habari haikulala kwake. Mwezi uliopita aliona shimo wazi mbele ya shule. Akalipiga picha kwa simu ya mama yake, akaituma kwenye kundi la mtaa lenye watu mia tatu. Baada ya siku mbili shimo likafunikwa. Tangu hapo alitembea kifua mbele, na haki yake!

Nyuma ya ukuta fundi bomba alikuwa akinyoosha paipu kwa nyundo, simu ameibana kati ya sikio na bega.

"Ndiyo, mkuu," alisema. "Kesho saa mbili nafunga bomba la bondeni. Nafunga, namaliza, jioni narudisha vifaa."

Redio alisimama ghafla hadi maji yakammwagikia shingoni. Anafunga bomba letu? Hata hizo siku mbili wanatunyima? Alishuka karibu mbio.

Mama yake, mshonaji, alikuwa akipinda sketi kwenye cherehani. Redio alichukua simu mezani, akaandika: "Fundi anafunga bomba letu kesho saa mbili! Nimesikia kwa masikio yangu. Maji si fadhila, maji ni haki. Tukutane bombani!"

"Umemuuliza mwenyewe?" mama alisema bila kuinua macho.

"Nimemsikia mwenyewe, mama."

"Kusikia na kuuliza ni ndugu, lakini si pacha."

Ujumbe ulikuwa umeshaondoka.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Fundi alipofika na mkokoteni wake, alikuta umati umelizunguka bomba. Muuza mkaa, mwanamume mpana kama mlango, alimpokonya mfuko wa spana akaukalia.

"Leo hufungi kitu hapa!"

"Jamani, niacheni nifanye kazi," fundi alisema. "Nimekuja kufunga bomba."

"Mnamsikia? Anakiri mwenyewe, mchana kweupe!"

"Umehongwa na watu wa juu!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Mwizi wa maji wewe!"

Simu ziliinuliwa kumpiga picha. Fundi alijaribu kusema, sauti yake ikazama. Mwishowe alikaa juu ya jiwe, akajifunika uso kwa kofia.

Redio alijipenyeza mbele akiwa na simu ya mama, tayari kupiga picha. Hapo akaona ndani ya mkokoteni. Mabomba matatu mapya yalikuwa yaking'aa kwenye nailoni.

"Fundi," aliuliza polepole, "hayo ni ya nini?"

"Ya kufunga, binti. Hapa hapa. Natoa hilo kuukuu, nafunga haya matatu kwenye paipu kubwa iliyopita chini hapa, maji yatoke kila siku."

Redio aliishusha simu. Kufunga! Kama fundi umeme anavyofunga taa.

"Nimeiandikia idara ya maji barua miezi tisa kuyaomba," fundi aliendelea. "Mke wangu naye anateka hapa. Mashine ya kukata paipu nimeazimwa kwa leo tu. Jua likizama bila kufunga, mabomba haya yanapelekwa mtaa mwingine."

Jua lilikuwa limeshapanda. Rafiki wa Redio wa darasani, aliyesikia yote, alimnong'oneza, "Futa ule ujumbe kimyakimya. Nani atakumbuka?"

"Nikiufuta, yeye atabaki mwizi," Redio alijibu.

Alipindua dumu tupu, akapanda juu yake. Alishika simu karibu na mdomo, akirekodi, ili kundi zima lisikie.

"Mimi Redio! Habari ya jana niliituma mimi, na nilikosea. Fundi hakuja kuzima maji. Amekuja kufunga mabomba matatu mapya. Tazameni mkokoteni! Tumemwita mwizi mtu aliyetupigania. Fundi, nisamehe. Na ninyi mlio nyumbani, njooni na majembe, muda unakwisha!"

Kisha muuza mkaa akachungulia mkokoteni, akajikuna kichwa.

"Kumbe kuna kufunga na kufunga!" alisema. Watu wakaangua kicheko. Aliinuka, akaufuta vumbi ule mfuko, akaurudisha kwa mikono miwili. "Fundi, samahani sana. Nionyeshe pa kuchimba."

Walichimba kwa zamu. Mama alikuja na sindano bado kwenye kola, akabeba mchanga. Redio alishika paipu, fundi akakaza. Saa kumi na moja mabomba yalikohoa, yakatema tope, kisha maji safi yakatiririka kwenye yote matatu. Vigelegele vilipanda hadi kwa watu wa juu.

Fundi alinawa, akamwita Redio na mama yake kando.

"Sikukasirishwa na wewe kupaza sauti," alisema. "Mtaa usiosema hunyimwa. Lakini anayedai haki asimdhulumu mwingine njiani. Swali moja tu, 'Fundi, unafunga vipi?', na nisingeitwa mwizi. Sasa picha yangu imefika kwenye makundi nisiyoyajua."

Redio alimtazama usoni.

"Fundi, nakuahidi mbele ya mama. Kila kundi ilipofika picha ile, nitaufikisha ukweli, na asiye na simu nitamgongea mlango. Na kuanzia leo, nikisikia neno la mtu, nitamuuliza mwenyewe kwanza. Nikishajua, nitasema, na nitasema kwa nguvu."