Hodi ya Mchana

Hodi ilipigwa jua likiwa la utosini. Mwanamke alikwenda kufungua geti na hakukuta mtu. Barabara ilikuwa tupu kutoka kona hadi kona, na hewani kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua.

"Nani?" mumewe aliuliza kutoka sebuleni.

"Sijaona mtu. Lakini mume wangu, ilikuwa sauti ya wifi."

Mume aliinuka, akafunga dirisha.

Watu walimwita Gundi, kwa kuwa alikuwa fundi viatu na mikono yake ilinuka gundi hata siku ya harusi. Yeye na mkewe, mshona nguo, walikuwa wakiishi chumba kimoja chenye pazia mlangoni, na wageni wao walipiga hodi wakiwa wameshaketi kitandani. Kisha tiketi yake ya bahati nasibu ikashinda. Mwanzoni walicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu watu wakaanza kumiminika: binamu wasiojulikana walikotoka, majirani wenye shida za ghafla, na mzee mmoja aliyedai ndiye aliyemfundisha Gundi kutembea. Gundi alitoa, akatoa, hadi ikafika mahali mtu akimsalimia yeye anashika mfuko. Nyumba hii aliinunua kwa ajili ya ukuta wake mrefu. Iliuzwa kwa bei ya kutupa, na dalali alipoulizwa wenyewe walihama kwa nini, alitazama viatu vyake.

Dada yake mkubwa alikuja mara moja tu. Ndiye aliyemlea Gundi baada ya mama yao kufariki, akiosha vyombo hotelini mpaka vidole vikachubuka. Alisimama getini akaita, "Hodi, mdogo wangu. Nifungulie." Gundi alifungua, na kabla hata ya salamu akasema, "Na wewe dada, unataka kiasi gani?"

Dada alirudi hatua moja nyuma. "Nilitaka kukuona," akasema, akageuka, akaenda zake.

Hodi ya mchana ilianza siku chache baadaye. Ilikuwa sauti yake hasa, na maneno yake yaleyale: "Hodi, mdogo wangu. Nifungulie." Wakiitika, wanakuta patupu. Baadaye ikaita kutoka uani, kisha stoo, kisha jikoni nyuma ya mlango, na siku moja, mkewe akiwa ameinama kuchota maji, iliita kutoka ndani ya pipa, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto, na ile harufu ya nywele ikampanda puani mpaka akaangusha kata na kukimbia pekupeku.

Mganga aliyeitwa hakuvuka kizingiti. "Humu mna mwenyewe," alinong'ona. "Anaishi kwa kuitikiwa. Kila mkiitika, anasogea. Ijumaa nitakuja kumtoa. Mpaka hapo, awaite kwa sauti ya yeyote, kaeni kimya."

Jumatano upepo wa vumbi ulivuma mchana kutwa. Hodi ikaja, safari hii kutoka getini.

"Hodi! Mdogo wangu, nifungulie. Kifua kimebana."

Walikuwa wameketi sakafuni jikoni, migongo ukutani. Sauti ikaita tena, ikakohoa, ikapiga bati la geti kwa kiganja, ikamwita Gundi kwa jina la utotoni ambalo hakuna aliyelitumia tangu mama yao azikwe, na Gundi akafumba macho akajiambia kwamba jini limejifunza, limejifunza hata hilo, huku jasho likimtiririka shingoni na bati likilia, likilia, kila pigo likiwa dogo kuliko lililopita.

"Mume wangu," mkewe alinong'ona, "anakohoa."

"Kaa kimya."

"Jini linakohoa?"

Alimshika mkono asinyanyuke. Baada ya muda geti likanyamaza, na wote wawili wakashusha pumzi.

Jioni muuza maziwa aligonga kwa jiwe, akipiga kelele. Dada alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta, dawa yake ya pumu imekwisha, ingali mkononi. Alikuwa ameshapoa. Ndani ya geti, hatua chache kutoka alipoketi, lilikuwa limeegeshwa gari lao jipya.

Walimzika Alhamisi. Ijumaa mganga alifika na mkoba wake, akamkuta Gundi amesimama getini na nguo zilezile za mazishi.

"Mwache," Gundi alisema.

"Bwana, huyu atakumaliza."

"Ni sauti ya dada yangu. Ukiitoa, nitamsikia wapi tena?"

Mkewe alilia, akamvuta mkono. "Twende zetu, mume wangu. Yule siye wifi, unajua."

"Najua," alisema, na hakutoka.

Mkewe alichukua cherehani yake akarudi mtaa wa zamani. Alimwachia mwezi mzima, kisha siku moja mchana akaenda kumtazama. Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani. Alitega sikio kwenye bati, na akamsikia mumewe akizungumza polepole, kwa sauti ya mtoto aliyekosa. Alikuwa akiomba radhi. Alisema hakujua, alisema pesa zilimziba masikio, alisema, dada, nisamehe, nakuomba useme tu umenisamehe.

Kisha sauti ya wifi ikamjibu kwa upole, kwa maneno pekee iliyoyajua:

"Hodi, mdogo wangu. Nifungulie."

Na Gundi akaanza kuomba upya.