Mikono ya Siwema

Vidole kumi vya mpira laini viliteremka kutoka kwenye fremu iliyofungwa juu ya kiti, vikajipasha mpaka kufikia joto la mwili wa binadamu, kisha vikazama katika nywele za Nyamizi. Kimoja kilichora njia kwa ukucha, viwili vikagawa nywele, vilivyobaki vikaanza kusuka. Havikusuka kama mashine za saluni za mjini Tabora, zinazomaliza kichwa kwa dakika nne na kumwacha mtu kama katoka kiwandani. Vilikwenda polepole, vikikaza mwanzo wa mstari na kulegeza kisogoni, vilevile alivyosuka marehemu Siwema, mama yake Nyamizi.

Mtambo huo uliitwa mkonorithi, na aliyeubuni ni baba mtu, mhandisi Kaombwe. Madaktari walipomwambia Siwema kwamba ugonjwa wake hauna tiba, mumewe alimtengenezea glavu nasa, zenye nyuzi nyembamba zinazonasa kila mwendo wa kidole, nguvu yake, na hata kusita kwake. Siwema alizivaa miezi mitano. Alipofariki, miendo hiyo ikatiwa katika mtambo, na mikono yake ikabaki nyumbani. Watu walitoka hata Kigoma kuja kuutazama mtambo, wakasema mwanamume huyu ana akili. Akili alikuwa nayo, hilo simbishii.

Nyamizi, mwenye miaka kumi na mmoja, hakutaka mtu mwingine amguse kichwa. Kila Ijumaa alikaa kwenye kiti kile, akafumba macho, akawa na mama yake. Shangazi Zaituni, aliyehamia kwao tangu msiba, alijitolea kumsuka mara ngapi! Jibu lilikuwa lilelile: "Ahsante shangazi, mama atanisuka."

Ijumaa hii haikuwa ya mchezo, maana kesho yake ilikuwa hitma ya mwaka, na ndugu wote wangekuja. Vidole vilifika nyuma ya sikio la kushoto. Nyamizi akaruka kitini.

"Uwii!"

Shangazi alitoka jikoni mbio, mikono imejaa unga. Akaligeuza sikio la mtoto, akaona kidonda kibichi juu ya kovu la zamani.

"Lo! Hiki kimeanza lini?"

"Tangu mtambo uanze kunisuka."

"Mwaka mzima! Na wewe umenyamaza tu?"

Kovu hilo Nyamizi alilipata alipokuwa na miaka minne, alipoangukia kona ya bati. Nywele zikivutwa pale, maumivu hushuka mpaka kwenye meno. Siwema alipokuwa hai, akifika hapo alipinda mstari, akalizunguka kovu, ndipo akaendelea. Mkonorithi ulipita juu yake moja kwa moja.

"Nikisema, Baba ataubadilisha," Nyamizi alijibu, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Hautakuwa mama tena. Lakini shangazi, mbona mama alisahau? Alinisahau?"

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote.

"Mama yako hakukusahau," alisema. "Ila hakuwa akikusuka wewe. Ulikuwa kwa bibi yako Urambo. Tulikupeleka kule ili usimwone anavyodhoofika. Alikuwa akikaa karakanani, akisuka kichwa cha plastiki."

Nyamizi alimtazama. Miezi ile mitano aliambiwa kwamba mama yuko hospitali, hapaswi kusumbuliwa.

"Kilete hicho kichwa," alisema Shangazi.

"Dada, tuache kwanza..."

"Kaombwe, nimesema kilete."

Akakileta, kimefungwa katika kanga ya Siwema. Msuko wa mwisho ulikuwa bado upo juu yake. Nyamizi alikigeuza upande wa kushoto. Nyuma ya sikio, palikuwa na nukta ya wanja iliyochorwa kwa mkono, na mstari ulifika hapo ukapinda, ukaizunguka nukta, ukaendelea zake kisogoni.

Mhandisi aliketi sakafuni, akaitazama nukta ile.

"Nilidhani ni dawa zinamlevya," alisema. "Nilidhani mkono unateleza. Kila siku palepale. Nikaunyoosha mwendo huo kwenye kompyuta."

"Kila siku palepale, na hukumuuliza?" Shangazi alikuwa amepandisha sauti. "Alikuwa mbele yako!"

"Nilikuwa natazama kioo cha kompyuta, Dada."

"Basi urudishe, Baba," alisema Nyamizi. "Urudishe ulivyokuwa."

"Nimeufuta, mwanangu. Nilitaka mama yako abaki bila kasoro hata moja."

Nyamizi alikipakata kichwa kile, akapitisha kidole kwenye mstari uliopinda, akarudia, akarudia tena. Mama hakusahau. Siku zote zile alikuwa akimsuka mwanawe, na mwanawe yuko Urambo, anahesabu mbuzi wa bibi na kununa kwamba hajaitwa. Hapo alilia kilio ambacho hakulia hata siku ya mazishi, na Shangazi alimwacha alie.

Alipotulia, alifumua mwenyewe mistari aliyosukwa na mtambo. Kisha akatandika mkeka, akakaa mbele ya baba yake.

"Nisuke, Baba."

"Mimi? Mimi sijui kusuka, mama."

"Angalizia hapo."

Kichwa cha plastiki kikawekwa kitini, chini ya vidole vya mkonorithi vilivyokuwa bado na joto. Mhandisi alijipaka mafuta ya nazi mikononi, akashika chanuo kama anayeshika nyoka. Mstari wa kwanza ulikwenda upogo. Wa pili ulifumuka, akaurudia. Shangazi, anayeudhika upesi kwa kazi mbovu, aligeukia ukutani akajifuta macho kwa mikono ileile yenye unga.

Walipofika nyuma ya sikio la kushoto, vidole vya baba vilisimama. Vilikuwa baridi.

"Hapa?" aliuliza.

"Hapo hapo, Baba. Zunguka."