Vishimo vya Mapaja ya Domina

Wenzangu wa Kimamba, na ninyi wa Kilosa mnaopenda kusikia ya Kimamba, leo nawasimulia ya nyumba moja ng'ambo ya reli. Nyumba ya Domina na mumewe Vitalis. Ilikuwa na desturi ambayo majirani tuliicheka, na nisiwafiche, tuliionea wivu pia.

Vitalis ni mpishi katika hoteli ya watalii kule Mikumi. Alikuwa akirudi nyumbani kila baada ya wiki mbili, Jumamosi. Jumapili asubuhi, kabla ya misa, aliteka maji ndoo mbili, si moja, akazipeleka bafuni, kile kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Kisha akaita, "Mama Regina! Dodoki liko wapi?"

Basi hapo wanasuguana migongo, wanasimuliana ya wiki mbili nzima, na vicheko tunavisikia mpaka huku kwetu. Miaka kumi na minne ya ndoa, mtoto wao Regina yuko shule ya bweni, na bado wanacheka bafuni! Jamani, kuna nyumba zina magari mawili uani na kicheko cha namna hiyo hakijawahi kuingia.

Sasa sikilizeni lile dodoki lilivyokuja kukaukia msumarini.

Binti wa jirani, Yusrah, alikuwa anaolewa. Wanawake tukakusanyika kumsugua singo ya kulainisha ngozi, kila mmoja na kanga yake kifuani. Domina aliinama kukoroga singo kwenye bakuli, kanga ikapanda. Nyuma yake alikuwepo Grace, mwenye saluni Mikumi, aliyeitwa kumpamba bibi harusi.

"Dada Domina," Grace akasema kwa sauti, "mbona mapaja yamefanya vishimo kama ganda la chungwa? Hiyo ndiyo selulaiti. Mafuta mabaya yameganda."

Tukacheka. Mungu atusamehe, tulicheka, na Domina akacheka nasi.

"Usicheke, dada. Shemeji anashinda Mikumi, na Mikumi kuna wasichana wana mapaja laini kama chupa ya soda."

Domina alirudi nyumbani, akafunga mlango, akachukua kioo. Vile vishimo alikuwa navyo tangu usichana wake, ila hakuwahi kuviona kama kitu. Siku ile aliviona vyote, kimoja kimoja, akaanza kulia.

Jumapili iliyofuata Vitalis akaita, "Mama Regina! Dodoki liko wapi?"

"Oga tu, Baba Regina. Mimi nimeshaoga."

Ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili aliusema siku kumi baadaye, alipomuaga mama mkwe wake, Bibi Sikuzani, kwamba anakwenda Kilosa kununua vitenge, akapanda gari la Mikumi.

Grace alimlaza kitandani pale saluni, akamkanda saa nzima kwa mafuta na kigogo cha mti chenye meno. Msema kweli mpenzi wa Mungu: ukandaji ule ulikuwa mtamu, na alipojitazama kiooni, mapaja yalikuwa yametulia kweli. Domina alirudi Kimamba akitabasamu peke yake garini. Alijiambia, Jumapili dodoki linashuka msumarini.

Ijumaa vishimo vikarudi, vyote.

"Kukanda peke yake hakutoshi," Grace akamwambia kwenye simu. "Kuna mafuta ya moto. Unapaka, unafunga nailoni, yale mafuta mabaya yanayeyuka. Njoo nikupe."

Akaenda tena. Na tena. Na kila Vitalis aliporudi, mkewe alikuwa ameshaoga, ameshavaa dera refu, tena akiguswa kiunoni anashtuka. Miezi miwili ikapita hivyo.

Hapa ndugu zangu ndipo penye kosa letu wenyewe, tusimtwishe Grace yote. Domina alipojifungua Regina, Bibi Sikuzani ndiye aliyemkanda tumbo, maji yanatoka mvuke, kitambaa kinabanwa mpaka mzazi anauma meno. Na bibi alikuwa na msemo wake: "Maji yasiyokutoa machozi hayajatibu." Tumbo likarudi kama zamani, Domina akaushika msemo ule moyoni. Akawaza: kilichoshusha tumbo kitashindwaje na vishimo?

Jumamosi moja asubuhi, Vitalis akiwa njiani, akapaka mafuta ya Grace mapaja yote mawili. Akafunga nailoni. Kisha akainua birika lililochemka, akalowesha kitambaa, akakandamiza juu ya nailoni, paja la kulia kwanza. Machozi yakamtoka. Akasema moyoni, vizuri, sasa yanatibu. Akalowesha tena.

Alipoifungua, nailoni ya paja la kulia ilitoka pamoja na ngozi.

Hakumwita mtu. Alipaka dawa ya meno, akavaa dera, akaketi sebuleni kwa upande mmoja, jasho linamtiririka.

Vitalis aliingia saa tisa mchana na nyama ya kilo mbili na miwa ya Kidodi. Hakuviweka hata mezani.

"Domina, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, Baba Regina."

"Boniface, mwenzangu wa jikoni, amekuona Mikumi. Mara mbili! Umekuja mpaka mji ninaofanyia kazi, ukaondoka bila hata kunisalimia. Na hapa nyumbani hutaki nikuone, hutaki nikuguse. Kama kuna mtu, niambie wewe. Nisije kuambiwa barabarani."

Domina akalivuta dera likamfunika miguu. Oneni aibu ilivyo na akili mbovu: ilikuwa rahisi kwake kudhaniwa malaya kuliko kusema neno "mapaja" mbele ya mume aliyemsugua mgongo miaka kumi na minne.

"Basi nimejibiwa," Vitalis akasema, akauokota mfuko wake. "Nakwenda. Regina nitamweleza mwenyewe."

Alipofika mlangoni Domina aliinuka kumkimbilia. Dera lilikuwa limegandia kidondani. Likachuna. Ukelele alioupiga ulimfikia Bibi Sikuzani uani, akaingia mbio, akalifunua dera.

"Uwiii! Mwanangu! Nani kakuunguza?"

"Nimejiunguza mwenyewe, mama. Nina vishimo. Nilitaka awe na mke mzuri kama wa Mikumi."

Mfuko ulimwanguka Vitalis pale pale. Alimbeba mkewe mikononi mpaka barabarani, wakasimamisha gari la kwanza la Kilosa.

Hospitalini Daktari Tumwagile, mama mmoja mpole, alisafisha kidonda kwa subira, akasikiliza habari yote. Kisha akamshika mkono.

"Mama, selulaiti si ugonjwa wala si mafuta mabaya. Ni mafuta ya kawaida chini ya ngozi, yanasukuma juu kati ya nyuzi zinazoishika ngozi, ndiyo maana panafanya vishimo. Wanawake wengi sana wanavyo, wanene kwa wembamba. Hata mimi ninavyo."

"Lakini nilipokandwa vilipungua," Domina akanong'ona.

"Vilipungua kwa macho, kwa muda. Ukandaji unasawazisha kidogo, kisha ngozi inarudi ilivyokuwa. Mazoezi nayo yanasaidia kiasi. Yapo hata matibabu ya mashine huko mijini, matokeo yake yanakaa zaidi, lakini ya kuviondoa moja kwa moja milele, hayajapatikana. Kukandwa kwa mikono laini kwa raha yako, sikukatazi. Moto ndio nakukataza."

Bibi Sikuzani alikuwa analia pembeni. "Daktari, mimi ndiye niliyemfundisha kwamba maji yasipouma hayatibu."

"Basi leo umfundishe upya, bibi. Hata mzazi hakandwi kwa maji ya kuunguza."

Vitalis aliketi kando ya kitanda, akainamisha kichwa.

"Vile vishimo?" akauliza taratibu. "Domina, mimi navijua tangu mwaka tuliooana. Kuna kimoja juu ya goti, nikikusugua povu linatuama humo. Nilikuwa nakitafuta kila Jumapili."

Domina alicheka na kulia kwa pamoja, mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini.

Kidonda kilichukua wiki saba. Kimeacha kovu pana kama kiganja, nalo halitatoka. Vile vishimo havikumuumiza siku hata moja, dawa yake ndiyo iliyomtia alama. Grace alikuja kuomba radhi, akapokewa, akapewa na chai.

Jumapili ya nane tukiwa tunachagua mchele uani, tukasikia ndoo zinagonga mabati. Mbili.

"Mama Regina! Dodoki liko wapi?"

"Limekauka, baba!" Domina akajibu kutoka ndani. "Liloweke kwanza!"

MAFUNZO

Kina mama wenzangu, mficha uchi hazai. Aliyekuahidi kuondoa milele kitu ambacho Mungu amewapa wanawake wengi, mwulize kwanza yeye chake kilikwenda wapi, kisha mwulize daktari. Kandwa ukipenda, mwili ufurahi, ila maumivu si ushahidi wa dawa.

Kina baba, mnavyovipenda visemeni mapema. Vitalis alikaa na neno zuri miaka kumi na minne, akalitolea hospitalini.

Na sisi tuliocheka kwenye singo, tujitazame. Domina aliunguzwa na maji, lakini birika tulilibandika sisi.